Muziki wa Kusindikiza Tangazo la Televisheni: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Studioni Kisumu

Ukurasa huu ni wa mwenye duka, shule, Sacco, hospitali au kiwanda kidogo, awe Kisumu, Kakamega, Siaya, Kisii, Busia au Nakuru, anayejiandaa kupeleka tangazo kwenye runinga. Maswali ni yale wateja wanayotuletea studioni, na majibu ni yale tunayowapa ana kwa ana.

Nichague muziki kabla ya kupiga picha au baadaye?

Chagua mwelekeo kabla, halafu uchague wimbo wenyewe ukishapata sauti ya msomaji. Mwelekeo ni kama kusema: taratibu, gitaa moja, hakuna ngoma. Hilo mpiga picha anafaa alijue mapema kwa sababu litaamua kamera itembee vipi. Lakini wimbo wenyewe hauwezi kuupima mpaka uusikie chini ya maneno yako, yakisomwa na mtu atakayeyasoma hewani. Tumeona wateja wakiupenda wimbo kwenye simu, wakautetea kwa wiki nzima, na ulipowekwa chini ya sauti ya msomaji ukambana hadi jina la biashara likapotea. Muziki wa tangazo ni msaidizi. Usaidizi wake hauonekani mpaka aje yule anayesaidiwa.

Kuna tangazo lisilohitaji muziki?

Lipo, na ni zaidi ya watu wanavyodhani. Ukiuza samaki wa kukaanga, sauti ya mafuta yakichemka na ngege akitumbukizwa ndani inamfanya mtazamaji ameze mate kuliko kinanda chochote. Fundi wa vyuma ana cheche na nyundo. Kabla hujatoa pesa za muziki, sikiliza biashara yako ina sauti gani yenyewe.

Je, muziki unauza kweli, au ni pambo tu?

Watafiti wamebishana kuhusu hili kwa miaka mingi. Mwaka 1982 Gerald Gorn alichapisha jaribio lililopata umaarufu mkubwa: watu walionyeshwa kalamu ya rangi fulani huku wakisikia muziki wanaoupenda au wasioupenda, kisha wakaruhusiwa kuchagua kalamu. Wengi wa waliosikia muziki wanaoupenda walichukua kalamu waliyotangaziwa. Mwaka 1989 Kellaris na Cox walilirudia jambo hilo kwa uangalifu zaidi na hawakuyapata matokeo yale.

Tunachojifunza sisi ni hiki: usimlipe mtu anayekuahidi kwamba wimbo fulani utaongeza mauzo. Muziki una kazi nyingine zinazoonekana wazi. Unamfanya aliye jikoni ageuke. Unamwambia, kabla neno halijasemwa, kama hii ni bei nafuu au ni kitu cha heshima, cha vijana au cha wazee. Na ukitumika miezi mingi bila kubadilishwa, unakuwa jina la pili la biashara. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wanaoikatiza mapema kwa kuchoka na wimbo wao wenyewe wakati mtazamaji ndiyo kwanza ameanza kuuzoea.

Kasi ya muziki niipimeje?

Hapa tukae kidogo, maana ndipo matangazo mengi ya hapa kwetu yanapoharibika.

Tangazo la kawaida ni sekunde 30. Kasi ya muziki hupimwa kwa mapigo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 128 kwa dakika unakupa mapigo 64 ndani ya sekunde 30, yaani mizunguko 16 kamili ya mapigo manne manne. Muziki mwingi wa dansi umejengwa kwa mafungu ya mizunguko minne au minane, kwa hiyo fungu la mwisho linafunga pale pale tangazo linapofunga. Mapigo 96 yanakupa mizunguko 12, nayo inakaa vizuri. Mapigo 120, ambayo programu nyingi za muziki huanza nayo usipoigusa, yanakupa mizunguko 15, na hapo sentensi ya muziki inakatwa kabla haijaisha. Mtazamaji hatajua kilichokosekana, ila atahisi tangazo limekatika.

Dawa ya wengi ni kuufifisha muziki sekunde mbili za mwisho. Sisi hatuipendi. Sekunde mbili hizo ndizo zenye jina lako, nembo yako na mahali ulipo, nawe unaziacha zizame. Ni afadhali kumwambia prodyusa atengeneze mwisho halisi: pigo moja la kufunga, waya mmoja ukivuma, na kimya kidogo. Tunawaomba pia waanze kuhesabu kutoka mwisho. Weka pigo la kufunga pale nembo inapotokea, kisha rudi nyuma ukiupanga muziki. Mwanzo unaweza kuanzia popote.

Kuna na kasi ya msomaji. Sekunde 30 za Kiswahili kinachosomwa bila haraka hubeba maneno kama 55 hadi 65. Mteja akituletea skripti ya maneno 90, hakuna muziki utakaoiokoa. Muziki wa kasi utamfanya msomaji asikike kama anakimbizwa, na wa taratibu utamfanya asikike amechelewa. Punguza maneno kwanza.

Nitumie benga, ohangla (muziki wa ngoma wa Waluo), isukuti, au muziki wa kisasa usio na kabila?

Jibu letu huwaudhi baadhi ya wateja: usichague mtindo kwa sababu unatoka kwenu. Uchague kwa sababu ala yake inafanya kazi unayoitaka.

Benga ni muziki wa gitaa. Gitaa la mbele linaongea karibu bila kupumua, na linaongea katika eneo lile lile la sauti ambamo binadamu anaongea. Ndiyo maana benga inayochangamsha ukumbi mzima huko Kondele inaweza kuua tangazo lenye maneno mengi. Kama ni benga unayoitaka, mwambie mpiga gitaa apige besi na gitaa la kusindikiza wakati msomaji anasoma, na gitaa la mbele liingie kwenye mapengo tu: baada ya swali, kabla ya bei, baada ya jina. Mpiga benga mzuri anajua kujibu. Huko ndiko anakotoka, kwa mwimbaji na gitaa kupokezana. Mpe msomaji badala ya mwimbaji na utashangaa jinsi anavyolielewa jambo haraka.

Nyatiti, kinubi cha Waluo, ni ya kipekee, nasi tunaitetea kila tunapopata nafasi. Nyuzi zake nane zina sauti ya chini yenye joto inayoacha nafasi kwa maneno. Lakini mpigaji hapigi nyuzi tu. Amevaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na anaigonga kwenye ukingo wa ala, na njuga zinalia mguuni. Ule mlio wa chuma ukinaswa kwa kipaza sauti kimoja, unakuja kuangukia juu ya herufi kama k na t za msomaji, na “kilo moja” inasikika kama imetafunwa. Kwa hiyo tunaweka vipaza sauti viwili: kimoja karibu na nyuzi, kingine chini karibu na mguu. Wakati msomaji anasoma tunashusha cha chini, akinyamaza tunakipandisha. Nyatiti ile ile, mpigaji yule yule, lakini sasa maneno yanasikika na roho ya muziki haijaondoka. Ukichukua rekodi iliyokwisha kuchanganywa huwezi kufanya hivyo kamwe.

Isukuti ya Waisukha na Waidakho ni ngoma tatu zenye nguvu, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Inafaa sana kwa tangazo la uzinduzi, mashindano, au jambo lenye umati. Ila kumbuka kwamba kule Kakamega inachezwa harusini na inachezwa mazishini pia, na iko uwanjani kwenye mapigano ya mafahali. Mpigo gani ni wa shughuli gani, wenyewe wanajua. Muulize mzee anayeipiga kabla hujaiweka chini ya tangazo la bima ya afya. Vivyo hivyo kwa litungu la Wabukusu na obokano ya Abagusii: ala hizi za nyuzi zinabeba maana ambayo mhariri aliyeketi Nairobi hawezi kuisikia.

Muziki usio na kabila, yaani kinanda laini na makofi, hauna ubaya. Ubaya wake ni kwamba benki imeutumia, kampuni ya maziwa imeutumia, na chuo kimeutumia, kwa hiyo hausemi lolote kuhusu wewe.

Tangazo letu litaonekana nchi nzima. Ala za magharibi mwa Kenya hazitawafukuza watu wa Mombasa au Nyeri?

Hapana. Ala haifukuzi mtu. Kinachofukuza ni lugha ya wimbo asiyoielewa na picha isiyomhusu. Gitaa la benga lilishavuka Ziwa Victoria na Bonde la Ufa zamani, na wanamuziki wa Ukambani na wa Mlima Kenya wamelifanya lao. Peleka ala, acha maneno yawe ya Kiswahili.

Naweza kuweka wimbo wenye maneno chini ya msomaji?

Tunashauri usiweke. Sikio haliwezi kufuata watu wawili wanaosema kwa wakati mmoja, hasa wakisema lugha moja. Kama kibwagizo ndicho kinachouza, mpe mwimbaji sekunde zake peke yake mwanzoni au mwishoni.

Studioni tangazo lilisikika vizuri, nyumbani kwenye TV maneno hayasikiki. Kwa nini?

Kwa sababu spika za studio ni kubwa na chumba ni kimya, na TV ya sebuleni ina spika ndogo zilizogeukia ukutani. Spika hizo hazitoi besi ya maana. Kile kishindo cha chini ulichokipenda kinatoweka, na kinachobaki cha muziki ni sehemu ya kati na ya juu, mle mle mlimo na maneno. Sehemu inayofanya maneno yaeleweke iko takribani kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000 na 4,000. Gitaa, tarumbeta na kinanda zote ziko humo.

Fanya mambo haya. Mhariri ashushe muziki kidogo katika eneo hilo la kati, siyo kuupunguza wote. Muziki ukae desibeli 15 hivi chini ya sauti ya msomaji anaposoma, na uinuke anaponyamaza. Kisha lisikilizeni tangazo kwenye TV ya kawaida, sauti ikiwa ndogo, mlango ukiwa wazi na bodaboda zikipita nje. Mwite mtu ambaye hajawahi kuliona, alisikilize mara moja tu, kisha muulize: wanauza nini, na wako wapi? Asipojibu, muziki uko juu au maneno ni mengi. Jaribio hili halina gharama nasi halitupiti hata siku moja.

Kupandisha kila kitu mpaka mwisho si suluhisho. Vituo hupima ukubwa wa sauti kwa wastani, na kiwango kinachotumika Ulaya ni LUFS 23 chini ya sifuri (LUFS ni kizio cha kupimia ukubwa huo wa sauti). Tangazo lililobanwa ili lipige kelele likishushwa na kituo hubaki limebanwa, bila kelele na bila uhai.

Duka langu limelipia leseni ya muziki. Siwezi kutumia wimbo unaovuma kwenye tangazo?

Huwezi. Leseni ile inakuruhusu kucheza muziki mbele ya wateja wako. Kuuambatanisha wimbo na picha ni ruhusa nyingine kabisa, na inatoka kwa wenye wimbo wenyewe. Mei 2022 Wakenya waliliona jambo hili hadharani: kundi la Sauti Sol lililalamika kwamba wimbo wao ulitumiwa na kampeni ya muungano wa kisiasa wa Azimio bila ridhaa yao, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ikaeleza kwamba leseni ya kucheza muziki hadharani haitoshi kuutia wimbo kwenye video.

Na wenye wimbo mara nyingi ni zaidi ya mmoja. Kuna haki ya aliyetunga, na kuna haki ya anayemiliki rekodi, ambaye anaweza kuwa prodyusa au kampuni iliyolipia studio. Unahitaji maandishi ya pande zote mbili. Msanii akikukubalia kwa mdomo mkiwa mnakula samaki Lwang'ni, hiyo ni ishara njema, siyo ruhusa.

Nikichukua sekunde chache tu?

Ile hadithi kwamba sekunde saba, kumi au kumi na tano ni bure haimo katika sheria. Ukichukua sekunde tano zinazotambulika ili uuze magodoro, umechukua.

Nikiuimba upya kwa maneno yangu?

Hapo umejiepusha na mwenye rekodi, lakini mtunzi bado yupo. Tena sheria yetu inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake ikigeuzwa kwa namna inayomvunjia heshima. Wengi wa wanaotuletea wazo hili wanataka wimbo wa injili uwe wa kuuza sabuni. Tunakataa, na hata bila sheria tungekataa.

Nyimbo za zamani je? Mwenyewe alishafariki.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, tungo inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. D. O. Misiani wa Shirati Jazz alifariki mwaka 2006, kwa hiyo tungo zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2056, na familia yake ina haki ya kuulizwa. Rekodi ina hesabu yake: miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Haki moja inaweza kuisha nyingine ikiwa hai.

Na nyimbo za asili, ambazo hazina mtunzi anayejulikana?

Zina jamii. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016, inayotaka idhini ya jamii husika kabla urithi wao haujatumiwa kibiashara. Kwa vitendo, zungumza na kikundi chenye kuucheza wimbo huo, waeleze unauza nini, walipe, na waandike majina yao kwenye mkataba. Ukimrekodi bibi akiimba shambani kwake Vihiga kisha ukaondoka na sauti yake, umemwibia, hata kama hakuna atakayekushtaki.

Kuna muziki wa bure kwenye intaneti. Kuna ubaya gani?

Soma leseni yake mpaka mwisho. Chini ya leseni za Creative Commons, ambazo watunzi hutumia kuruhusu kazi zao zitumiwe bure kwa masharti, alama ya NC inakataza matumizi ya kibiashara, na tangazo ni biashara. Alama ya ND inakataza kuigeuza kazi, na kuuambatanisha muziki na video huhesabiwa kuwa kuigeuza. Ule wenye alama ya BY peke yake unaweza kuutumia ukimtaja mtunzi, ila katika tangazo la sekunde 30 utamtaja wapi?

Maktaba za muziki za kulipia ni salama zaidi, lakini angalia kama malipo uliyotoa yanahusu televisheni au ni ya mitandao pekee. Tofauti hiyo hufichwa chini kabisa ya ukurasa. Hifadhi risiti na leseni pamoja na video yenyewe, kwa sababu YouTube ikiutambua muziki huo utatakiwa uthibitishe. Na mpinzani wako wa barabara ya pili anaweza kuununua wimbo huo huo kesho.

Akili unde inaweza kunitengenezea muziki?

Inaweza, kwa dakika chache. Lakini Juni 2024 kampuni kubwa za rekodi ziliwashtaki Suno na Udio, wenye programu za kutengeneza muziki wa namna hiyo, nchini Marekani zikidai nyimbo zao zilitumika kufundisha mashine hizo bila ruhusa. Sisi tunaitumia kama mchoro wa kumwonyesha mpiga gitaa tunachokitaka, kisha yeye anapiga chake. Na ukiiomba ikupe ohangla, sikiliza vizuri kinachotoka. Mtu wa Ugenya kule Siaya ataijua baada ya pigo la nne kwamba aliyepiga hakuwahi kuhudhuria ngoma.

Kumwajiri mwanamuziki wa hapa si ghali?

Kwa biashara ndogo, mara nyingi ni nafuu kuliko kuomba haki ya wimbo maarufu, na unapata kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Bei hutegemea mambo manne: wapigaji wangapi, saa ngapi za studio, tangazo litaenda wapi, na kwa muda gani. Mpiga orutu (ala ya uzi mmoja inayopigwa kwa upinde) mmoja na mpiga ngoma mmoja wanaweza kujaza sekunde 30 vizuri kabisa.

Mkataba uandikwe hata kama ni karatasi moja. Useme nani ametunga, nani anamiliki rekodi, tangazo litatumika kwenye televisheni pekee au redioni na mitandaoni pia, kwa mwaka mmoja au zaidi, katika nchi zipi, na nini kitatokea ukitaka kuendelea. Useme pia kama mwanamuziki anaweza kuutumia muziki huo kwingine. Tafadhali usimlazimishe auze haki zote milele kwa bei ya siku moja. Wanamuziki wa magharibi mwa Kenya wamepoteza mengi kwa karatasi za namna hiyo, na wengine wamesikia gitaa lao kwenye runinga ya kinyozi bila kuwa na shilingi mfukoni. Chukua kwake leseni ya miaka miwili, muirejelee ikiisha. Mpe na nakala ya mkataba, na umlipe siku ya kurekodi. Akitaka kuisajili kazi yake KECOBO, usajili ni wa hiari lakini unasaidia siku ya ubishi.

Nimebaki na nyimbo tatu na siwezi kuamua.

Ziweke zote tatu chini ya tangazo moja, kwa ukubwa ule ule wa sauti, maana sikio hupenda chenye sauti kubwa zaidi. Waonyeshe wateja wako, siyo wakurugenzi wako. Nenda soko la Kibuye hapa Kisumu Jumapili na simu na spika ndogo, waulize wauza nguo na wanunuzi wao. Usiwaulize wimbo upi ni mzuri. Waulize duka lipi kati ya haya matatu wangeingia.

Nipeleke faili gani kituoni?

Uliza kituo kwanza, kila kimoja kina masharti yake. Kwa kawaida sauti iwe WAV ya hezi 48,000, siyo MP3 iliyotumwa kwa WhatsApp. Studio ikupe matoleo matatu: muziki na sauti ya msomaji pamoja, muziki peke yake, na kila ala ikiwa kwenye faili yake. Bei ikibadilika baada ya miezi mitatu, msomaji atarudi kusoma sentensi moja tu, na hakuna haja ya kuirudisha bendi nzima studioni. Omba pia toleo la sekunde 15 siku hiyo hiyo, wapigaji wakiwa bado hawajafungasha ala zao.